Barua ya Chifu Kuhusu Nyangumi

Jumamosi, 6 Mei 2006. Kitale.
Madaftari ya Form Two yamebaki kumi na manane. Nimeyaacha mezani, nikaenda kwa chifu. Nimepata nafasi katika utafiti wa nyangumi huko Afrika Kusini; kibali cha kuwakaribia huorodhesha kila atakayepanda mashua, na kila mmoja lazima adhaminiwe na ofisa wa serikali ya kwao. Chifu aliuliza nyangumi ni nini. Mnyama wa baharini, nikasema, si samaki, hunyonyesha. "Ati ananyonyesha ndani ya maji? Na mtoto hazami?" Swali zuri. Akaandika ukurasa mzima, akagonga muhuri, akaifunga bahasha kwa gundi. Bahasha ya chifu haifunguliwi. Jumatatu, nikirudi shuleni Bungoma, naituma ilivyo kwa Dakta, mwanamke anayeongoza utafiti.

Jumanne, 16 Mei. Bungoma.
Kazi yangu itakuwa kulinganisha picha za vichwa. Nyangumi tutakaowafuata wana mabaka ya ngozi ngumu kichwani, na hakuna wawili wanaofanana. Jumapili, nyumbani Kitale, nilijipima kwa ng'ombe wa Baba: nilichora mabaka ya wote tisa kwa kumbukumbu, kisha nikakagua zizini. Nilikosea mmoja. Inaniudhi.

Alhamisi, 8 Juni. Bungoma.
Barua pepe ya Dakta. Ofisi ya vibali inauliza: nyangumi hao niliwashika wapi, lini, kwa ruhusa ya nani? Kumgusa nyangumi bila kibali ni kosa. Ameambatisha barua ya chifu. "Mwombaji ana uzoefu mkubwa wa kushika, kulisha na kutibu nyangumi." Nimeisoma mara tatu. Alitaka kunisaidia tu. Ndivyo anavyomsifu kila anayetafuta kazi. Nisipojibu kwa siku kumi, jina langu linaondolewa. Na mimi bahari yenyewe sijawahi kuiona.

Jumamosi, 10 Juni. Kitale.
Chifu amekataa. "Sasa niandike ati chifu ni mwongo? Muhuri wa serikali haurudi nyuma, bana." Baba yuko upande wake, kwa kuwa chifu ndiye aliyetuamulia kesi ya mpaka wa shamba. Ningeweza kuiandikia ofisi ya vibali mwenyewe kwamba chifu alidanganya. Nimeandika. Nimeichana. Namkasirikia, na namwonea haya.

Jumapili, 11 Juni.
Nimerudi kwake baada ya ibada. Sikuomba barua. Nilitaka kujua, kwa kweli, chifu hutoa taarifa gani kuhusu wanyama. Akachangamka. Ndovu wakishuka Mlima Elgon, anaandika. Fisi akionekana, anaandika. Chui mmoja, mwaka fulani, kurasa mbili.
"Na nyangumi?"
"Hapa? Hata mmoja."
"Si uandike hiyo, mzee."
Alinitazama. Kisha akacheka mpaka mkewe akatoka jikoni. "Mwalimu, wewe ulipaswa kuwa wakili!"
Barua ni fupi. Tangu ashike ofisi, hakuna nyangumi aliyeonekana, kulishwa wala kuguswa katika lokesheni yake, eneo lote analolisimamia. Akitokea, atatoa taarifa mara moja.

Jumatatu, 12 Juni. Bungoma.
Nimeituma kwa faksi ofisi ya vibali. Wakidhani ni mzaha, nimekwisha.

Jumatano, 28 Juni. Bungoma.
Kibali kimetoka. Majina saba, langu la mwisho. Dakta anasema barua ya pili imebandikwa ukutani katika ofisi ya vibali. Nitamwambia chifu. Sitamwambia kwamba walicheka.

Jumamosi, 1 Julai. Kitale.
Mvua asubuhi. Nimesoma masharti ya kibali. Mita mia, kisha mashua inazima injini na kungoja. Mita mia ni umbali gani? Nimeupima kwa hatua kutoka mlango wa jikoni. Nikapita zizi, nikapita kisima, nikaishia kwenye mahindi ya jirani. Nikageuka. Mlangoni palikuwa na mtu, akipepeta maharagwe. Uso hauonekani kutoka pale. Nilijua ni Mama kwa vile anavyorusha ungo, mkono wa kushoto ukitangulia. Miaka yote hii, sikuwahi kuliona hilo. Nikasimama pale, nikimtazama, mpaka akamaliza.