Maneno Niliyomlisha Mama Mkwe wa Kituruki

Jumamosi, 2 Agosti

Sehemu mbili leo, ya thelathini na moja na ya thelathini na mbili. Betri ya Mama Sifa imevumilia mpaka mwisho. Nimesimama kando ya televisheni yake kama kawaida, rimoti mkononi. Nasimamisha picha, nasema kwa Kiswahili walichosema kwa Kifaransa, naachia. Wanawake kumi na saba. Watoto sikuhesabu. Koo limekauka.

Maoni yangu. Tamthilia hii ya Kituruki inaishinda ile ya Kihindi tuliyomaliza mwezi wa sita. Kwa Wahindi mtu akipigwa kofi tunaonyeshwa uso wake mara tatu, halafu uso wa shangazi, halafu wa mpishi. Dakika kumi zimekwenda na kofi ni lile lile. Waturuki wanajua kunyamaza. Yule mama mkwe mwenye hoteli anaweza kukumiminia chai huku anakuchoma moyo, na sauti hajapandisha. Ubaya wake nauamini. Kinachoniudhi ni hao waliotia sauti za Kifaransa: baba, mtoto na daktari wote wamepewa sauti ya mtu mmoja. Wakiongea watatu nachanganyikiwa mimi, sembuse wanaonitegemea.

Riziki hakuja kutazama. Leo siku ya tisa tangu binti yangu arudi kwangu na mtoto mgongoni. Siandiki zaidi.

Jumapili, 3 Agosti

Naandika. Nisipoandika nitapasuka.

Chanzo ni jina. Kwa kina Asumani, mume wa Riziki, mtoto wa kwanza hupewa jina la upande wa baba. Mama Asumani alilitunza jina la marehemu mama yake, Mwavita, tangu mimba ilipoonekana. Riziki akaenda kuandikisha peke yake, akaandika Yelda. Yelda ni bibi arusi wa tamthilia. Nilipoambiwa, nilicheka. Nikasema ni jina tamu. Mwalimu mzima.

Mama Asumani alilijua siku ya kupima watoto. Muuguzi anaita Yelda, Yelda, na yeye ameketi na mjukuu mapajani, anangoja waite Mwavita. Foleni nzima ikamtazama. Walipofika nyumbani akamwambia Riziki kwamba amelelewa na televisheni. Akaongeza na maneno mengine, ambayo Riziki hataki kunirudilia. Ndipo akaja kwangu.

Kwetu mama wa binti hamrudishi binti. Wanakuja wa upande wa mume, na kuku, wanaketi mkekani, wanasema walipokosea. Mama wa binti akitangulia yeye kwenda, amemshusha mwanawe, na ataambiwa hivyo mpaka uzee. Mama Asumani haji. Mimi siendi. Na kila Jumamosi na Jumapili, baada ya alasiri, tumo chumba kimoja, yeye karibu na mlango, mimi kando ya televisheni. Anasalimia wote, mimi ananiruka. Saa mbili nzima anasikiliza sauti yangu, na hatusemezani.

Leo flashi ya Mturuki iligoma, tukatazama filamu ya Kinaijeria. Mama mkwe anatia sumu kwenye mchuzi, anamfukuza mkwewe mvuani, anamwibia mtoto. Dakika kumi za mwisho anapiga magoti, analia, muziki, kwisha. Huo ni uvivu. Mtu hageuki kwa sababu filamu inataka kwisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Mama Asumani naye akapiga. Nilimwona.

Jumatano, 6 Agosti

Asumani alipita na pikipiki akitoka Lusangi, vumbi mpaka kwenye kope. Ameleta sabuni na sukari. Hakuingia ndani. Alisimama chini ya ukingo wa paa wakaongea na Riziki habari za meno ya mtoto. Alimwomba arudi. Riziki akasema, mama yako aje kwanza. Asumani akaangalia viatu vyake, akawasha pikipiki.

Kila tamthilia ina mume kama huyu. Sura nzuri, maneno hana.

Baadaye Riziki alinionyesha kwenye simu filamu fupi ya vijana wa Nyangwe, wameipiga wenyewe huko mtoni. Picha inatetemeka, upepo unakula maneno. Lakini yule mama muuza samaki, mtumbwi unapoondoka na mwanawe, halii. Anaendelea kupanga samaki. Nikasema huyu ndiye mchezaji. Riziki akazima simu, akaenda kutwanga sombe, majani ya muhogo, ya watu sita. Tuko wawili.

Lazima arudi kwake. Si kwamba nimemchoka. Nimeanza kuzoea pumzi ya mtoto ndani ya nyumba, na mazoea yana tabu. Mwezi mwingine nitaanza kutafuta sababu za kumzuia.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefanya jambo baya. Mbele ya watu.

Sehemu ya thelathini na tatu. Mama mkwe amesimama mlangoni, Yelda yuko kwenye ngazi na sanduku. Mama anafungua mdomo, anasema maneno machache, makavu. Nikasimamisha picha. Nikaangalia chumba. Mama Asumani alikuwa ameinama mbele, kidevu mkononi. Nikasikia sauti yangu inasema: "Mwanangu, nimekosa. Hasira ilinitawala. Nyumba hii bila weye iko baridi. Rudia kwako."

Hakuna aliyesema hivyo. Mturuki hakusema, Mfaransa hakusema. Mimi tu.

Vigelegele mpaka ng'ambo ya barabara. Mama Asumani alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi niliyewatukana Wanaijeria wiki iliyopita! Angalau wao walingoja filamu ifike mwisho.

Jumapili, 10 Agosti

Uongo unataka kulishwa kila siku. Sehemu ya thelathini na nne: yule mama "aliyetubu" anampokonya Yelda mtoto na kumfungia chumbani. Nikasema mtoto ana surua, hataki iambukize. Wakati huo mtoto anaruka juu ya kitanda. Halafu yule mama anachana picha ya arusi. Nikasema ni picha ya zamani, watapiga nyingine.

Mama Sifa ana akili. Akauliza: "Madamu, huyu mama jana ameomba musamaha. Sasa juu ya nini anafunga mulango na funguo?"

Nikasema Waturuki wana desturi zao. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mama Asumani hakuuliza kitu. Aliondoka kabla ya mwisho.

Jumanne, 12 Agosti

Mama Sifa amekuja mbio na habari. Mama Asumani amefunga kuku mguu, kwenye nguzo ya jiko. Ametuma mtu Wamaza kumwita wifi yake, kwa desturi mtu haketi mkekani peke yake. Anasema hata Wazungu wanaomba msamaha, yeye ni nani.

Riziki alisikia. Alikwenda kusuka nywele mchana ule ule.

Ningefurahi. Sikufurahi. Kuku yule amefungwa kwa kamba yangu ya uongo. Tamthilia bado ina sehemu ishirini na yule mama anazidi kuwa mbaya kila siku. Siwezi kumpa yule mtoto surua mpaka Krismasi. Na watoto wanaosoma Kifaransa shuleni, wengine nimewafundisha mwenyewe, wamo humo chumbani wanasikiliza. Mmoja wao atasema. Siku hiyo Riziki atakuwa amerudi kwa mwanamke aliyechezewa, na atakayelipishwa ni yeye, jikoni, kila asubuhi.

Nikisema sasa, pengine kuku atafunguliwa. Nimezunguka na jambo hili siku nzima. Nitakwenda mwenyewe. Desturi inisamehe.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekwenda.

Nilivaa kitenge cha kila siku, si cha sherehe, asidhani nimekuja kumbembeleza. Barabara nzima watu wananitazama: Madamu anakwenda kwa wakwe bila kuitwa. Kuku alikuwa kwenye nguzo kweli, jike jekundu, mnene. Mama Asumani alikuwa anapepeta mchele. Hakunipa kiti kwanza. Halafu akanipa.

"Unakuja bila kuitwa. Basi iko kitu."

Nikamwambia bila kuzunguka. Yule mama wa tele hakuomba msamaha. Yale maneno niliyaweka mimi.

"Weye?"

"Miye."

Akaweka ungo chini. Sijawahi kuona mtu akitulia hivyo. Akainuka, akafungua kuku. Akampa teke dogo, kuku akaenda zake nyuma ya nyumba. Moyo wangu ukaenda naye.

"Siku zote naketi karibu na mulango," akasema. "Unafikiri ni hasira tu. Miye sijasoma. Kile unasema, ndicho najua. Watu mia wanaweza kunidanganya. Weye nilikuamini, hata na hasira yangu."

Hilo limenipiga kuliko tusi. Nikamwomba radhi, kwa uongo, na kwa kile kicheko changu cha siku ya jina. Nikasema jina la mama yake lilistahili kuulizwa kwanza, na mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha Riziki hivyo. Nilisema yote nikiwa nimeketi wima. Sikulia. Nilikuwa nimejikataza.

Halafu akauliza: "Sasa yule mama alisema nini, ya kweli?"

Nikatafsiri, neno kwa neno. "Toka. Mutoto anabakia. Weye uko mugeni hapa."

Akaokota ungo. Akapepeta mara mbili, tatu, mchele ukamwagika pembeni na hakuuokota.

"Rudia kwako, Madamu."

Nikarudi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilimweleza Riziki kila kitu. Nilitegemea kelele. Aliuliza tu: alisema nini yule mama, kweli? Nikamwambia.

Riziki akaketi chini, mtoto bado ananyonya. Akasema, ndiyo maneno aliyoniambia Mama Asumani. Siku ile. Toka, mtoto anabaki, wewe mgeni.

Basi ndiyo aliyokuwa akinificha. Na mimi, kwa ujanja wangu, nilimficha Mama Asumani neno moja alilopaswa kulisikia likitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine.

Hakuna aliyekuja.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilisema kabla ya kuwasha. Nikasimama mbele ya wanawake wote: Jumamosi iliyopita na Jumapili nilidanganya. Leo tunarudia sehemu zote mbili, na atakayetaka mtafsiri mwingine aseme.

Kelele. Mama Sifa akaninyang'anya rimoti. Mmoja akauliza kama yule Mhindi wa tamthilia iliyopita alikufa kweli au nilimuua mimi. Alikufa kweli, nikasema, naapa. Mwingine akasema ametusomeshea watoto, kumbe naye ni mtoto. Niliacha waniseme. Nilistahili, na sikukimbia.

Hawakupata mtafsiri mwingine. Rimoti ikarudi.

Mama Asumani aliingia tukiwa tumeanza. Nilidhani ataketi mlangoni. Alipita katikati ya watu, akaketi mkeka wa mbele. Tukafika kwenye ngazi na sanduku. Nikasimamisha picha, nikasema kama ilivyo, bila kulainisha, bila kukaza.

Hakuna kigelegele. Mwanamke mmoja akasema, eeh, huyu ni nyoka. Mwingine akasema, mtu na akili yake hawezi kusema hivyo kwa mama ya mutoto. Wote walikuwa wanautazama uso wa Mturuki. Mama Asumani aliangalia mikono yake. Alikaa mpaka mwisho.

Maoni yangu: ni tukio zuri kuliko yote tuliyotazama mwaka huu. Mwandishi hakumhurumia mtu yeyote. Nililiharibu kwa kuogopa, na nimelirudisha.

Jumapili, 17 Agosti

Wamekuja asubuhi. Mama Asumani, wifi yake wa Wamaza, Asumani nyuma yao na kuku kwapani. Jike jekundu lile lile, sijui walimkamataje.

Niliwatandikia mkeka. Wifi alianza kusema maneno marefu ya desturi. Mama Asumani akamkata.

"Riziki. Nilikuita mugeni. Nilikosa. Weye ndiye mwenye nyumba."

Basi. Hakupiga magoti, hakulia. Alisema akimwangalia machoni. Katika filamu wangesema ni fupi mno.

Riziki naye akaomba radhi kuhusu jina. Mama Asumani akampokea mtoto. Akamwita Yelda, ulimi ukagoma kidogo, akarudia mpaka likakaa. Halafu akamwita Mwavita. Mtoto akamshika pua. Atakuwa na yote mawili, na kadi ya chanjo iandikwe upya.

Aliponiaga alinipa mkono. Hakusema kwamba amenisamehe, na sikumwuliza.

Waliondoka kabla ya jua kuwa kali, Riziki na mtoto kwenye pikipiki, wakubwa kwa miguu nyuma. Nilisimama mpaka vumbi likatua. Nimekunja mkeka. Nimefagia. Kwa Mama Sifa leo siendi, watanisimulia kesho, kila mtu kwa namna yake.

Nilipika wali kipimo cha mtu mmoja. Nililitaka jambo hili na nimelipata, na linauma. Nimekula, nimemaliza sahani.