Bakuli la Kizingitini

Jumanne jioni, mvua haijakata tangu asubuhi

Nimemfokea mtu asiye na kosa, na bado naona aibu.

Yule mzee wa Ikuti, ambaye figo zake zimegoma, leo ana siku ya nne na mpira tumboni. Maji ya kumsafisha damu yanaingia na kutoka usiku na mchana. Daktari alituonya sisi wauguzi kwamba hayaondoki na uchafu tu, yanaondoka na nguvu ya chakula pia. Asipokula mayai na maziwa, tutamsafisha huku anakwisha.

Maziwa ya kopo, yaliyojaa madukani siku hizi, anayatema. Na kila mchana nakuta bakuli limejaa, limepoa kizingitini mwa wodi. Nilidhani amekataa.

Leo nimemkuta mke wa mwanawe, Tusekile, ndiyo kwanza analiweka. "Wewe dada, mgonjwa anakufa njaa, unamwachia chakula mlangoni?"

Akainama. "Sista, huku kwetu mkwe haonani na baba mkwe. Nilijua ninyi mnampelekea."

Mimi natoka Singida, sina hata miezi miwili hapa Tukuyu. Ningejuaje? Lakini ningeweza kuuliza.

Nikavuta pazia la kitanda, nikampelekea mwenyewe. Akala yai zima lililokuwamo, kijiko kwa kijiko.

Mkojo bado hautoki, na hilo linanitisha. Ila alipomaliza aligeukia ukutani, akapaza sauti: "Nesi, mwambie aliyepika, kesho alete mawili."

Sikuhitaji kumwambia. Nje ya mlango Tusekile alikuwa anacheka.