Wimbo wa Tano

Mdogo wangu,

Sisi wazima, cherehani tu ndiyo inakohoa.

Ile albamu yako uliyoirekodi ya nyimbo za nyumbani nimeipiga hapa dukani, Mama akishona vifungo. Nyimbo nne za kwanza alitikisa kichwa kwa raha. Wa tano ulipoanza, sindano ikamchoma, wala hakushtuka. Jamani, ule si ndio aliomtungia marehemu kaka yetu siku tuliyomzika, wewe ukiwa mgongoni mwa Mama? Nikashika jalada, nikasoma: "Wimbo wa kale, mtunzi hajulikani." Hajulikani na nani?

Mama, asiyejua kusoma, akauliza wameandika nini. Nikadanganya: "Jina lako."

Tangu hapo kila mteja akiingia, Mama anaweka kidole kwenye mstari uleule: "Hebu nisomee hapa." Nami namkonyeza mteja nyuma ya Mama, naye anasoma jina lake.

Dada yako, niliyegeuka mwongo kwa ajili yako