Jagi la Mwanzo wa Meza

Laurel Fork, Kentucky
22 Agosti 1961

Mpendwa mwanangu Delmer,

Hujambo huko Detroit? Kifua kimepona, au bado unakohoa moshi wa kiwanda? Sisi wazima, ila vidole vyangu vimekakamaa, hata kitasa kinanishinda. Anayeniandikia ni Reva, mke wa mchungaji. Sikutaka binti yako Twyla aandike, maana habari ni zake, na mtoto akisikia sifa nyingi huvimba kichwa.

Jumapili ilikuwa ile siku ya waliohama kurudi kanisani kula pamoja. Unajua jagi letu la chai baridi ya mnanaa limekaa mwanzo wa meza tangu enzi za mama yangu. Mwaka huu jirani yetu Velma Stamper akatangaza kwamba mimi nimekwisha, kwa hiyo pale ataweka sharubati yake ya unga wa dukani. Nikamwambia Twyla, mahali pale ni petu, na sasa ni juu yako.

Jumamosi akachuma mnanaa wote wa pale bombani, akauchemsha pamoja na majani ya chai. Ikatoka nyeusi, chungu kama dawa ya minyoo. Nikaonja, nikaimwaga kwenye nyanya. Hakulia. Akauliza tu mwingine utapatikana wapi. Ulikuwa kwa Velma peke yake, na mbegu yake ilitoka kwangu mwaka alioolewa.

Akavuka barabara mwenyewe. Velma akamng'olea kapu zima, na mizizi yake, akasimama akingoja. Mtoto akapokea kapu, akageuka kwenda.

"Bibi yako hakukufundisha kushukuru?"

"Kanifundisha. Mmea wa kupewa ukishukuriwa, haushiki. Ungefurahi mnanaa ukinifia, eh, Bibi Velma?"

Velma alicheka mpaka akashika uzio.

Kesho yake alfajiri Twyla akayapiga majani viganjani yakatoa harufu, akayalaza kwenye shira ya moto iliyokwisha kuepuliwa, akafunika. Chai akaipika kando. Akakamua malimau, akatia barafu. Mimi nilikaa kitini, mdomo nimeufunga. Hilo nalo lilikuwa kazi.

Jagi lilikauka mchungaji akiwa bado anaombea chakula. Andika hivyo hivyo, Reva, ndivyo ilivyokuwa. Velma akanywa vikombe vitatu, akaniambia mbele ya watu wote, "Orpha, hii si yako. Hii imekupita."

Delmer, sijawahi kutukanwa vizuri hivyo.

Twyla akanitazama, akingoja nimwambie asante. Nikamsogezea tu kiti changu, kile cha mwanzo wa meza, akakaa.

Nisalimie mkeo Nadine na yule kichanga, na shemeji yako Harlan aache pombe. Mungu awatangulie kazini na awarudishe mezani kwangu mwakani.

Ndani ya kitambaa kibichi kuna mzizi wa mnanaa. Upande karibu na maji. Na ukijibu barua hii, usithubutu kunishukuru.

Akupendaye kuliko unavyostahili,
Mama yako,
Orpha