Hoteli ya Matabicho

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Tumehama. Miezi miwili baada ya kukuzika tuliambiwa wote tuje kijiji cha ujamaa, hapa Lipingo. Kaburi lako limebaki kule peke yake. Jumamosi nilikwenda kuling'olea majani, nikakuta mihogo yako yote imefukuliwa na nguruwe pori. Huku nyumba zimepangwa mistari kama madawati. Bwana maendeleo wetu ni mtu wa Dodoma, akipewa dagaa wetu wa usipa anatoa vichwa kimoja kimoja kwanza. Ungemcheka mpaka ukohoe. Mimi jioni nafundisha watu wazima kusoma.

Baba, Denis hayupo.

Alisema hakuzaliwa kupigiwa kengele ya kwenda shambani, anakwenda Beira kuwa mpishi kama wewe. Akavuka ziwa kwenda Malawi, akapande treni huko. Ile karatasi alikuwa nayo mfukoni.

Unaikumbuka. Ulikuwa umelala mkekani, kikohozi hakikupi nafasi, Denis akakuomba umwambie mgeni anakula wapi katika mji ule wa Wareno. Alipotoka kukuchotea maji, ukaniambia, "Mwalimu, andika." Ukamtaja mama wa bandarini anayepika ugali na kamba wa pilipili. Ukamtaja Mgoa mwenye mkahawa, ambaye hafukuzi mtu. Halafu ukasema, "Asubuhi, matabicho, ile hoteli ya karibu na stesheni, mlango wa nyuma. Amuulize mpishi, asiulize mwingine." Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Hoteli ya Matabicho, karibu na stesheni. Mlango wa nyuma sikuuandika.

Nilisikia, Baba. Nilisikia vizuri kabisa. Nilijisemea moyoni, sisi tumeshapata uhuru, mdogo wangu hataingia kwa mtu kwa mlango wa nyuma. Ukaniuliza, "Umeandika vyote?" Nikasema ndiyo.

Juzi amerudi Mzee Alani, mwenzako wa jikoni kule Beira. Nikamuuliza kama amemwona Denis pale Hoteli ya Matabicho. Akaweka kikombe chini. "Binti yangu, matabicho si hoteli. Ni chai ya asubuhi. Wareno ndivyo wanavyoiita."

Kisha akanieleza. Denis aliingia kwa mlango wa mbele, Wareno wakiwa mezani, akauliza kama hapo ndipo Matabicho. Wakacheka wote. Akawaambia yeye ni mtu wa Malawi, amefanya kazi mjini pale miaka mingi, kama ulivyomfundisha. Mmoja akaacha kucheka. Mtu aliyekaa Beira hata wiki moja hawezi kuuliza vile. Wakampekua, wakakuta karatasi ya Kiswahili. Kule sasa ni vita, na anayetoka kwetu anaitwa mpelelezi. Wakamchukua. Mpishi wa pale alikuwa Mzee Alani mwenyewe; aliyaona hayo kutoka jikoni, na hajamwona tena.

Mwandiko wangu, Baba.

Siku ya kwanza nilikulaumu wewe na neno lako la Kireno. Nilikusema vibaya sana, nisamehe. Ulisema kila kitu sawasawa. Aliyepunguza ni mimi, na nilipunguza kwa kiburi.

Mama hajui. Kila akisonga ugali anasema, "Saa hizi mwanangu anakula kamba." Anawatajia majirani hoteli zote, na anaanza na Matabicho, jina linampendeza. Mimi nainama, napuliza moto. Mzee Alani ameniambia, "Mwambie wewe. Mimi siwezi kumtazama usoni."

Nitamwambia leo, akimaliza kuanika usipa. Sitaishia kusema kwamba amekamatwa. Nitamwambia nani aliandika, na nini hakukiandika, na kwa nini. Akinifukuza nitaondoka. Akinipiga nitatulia. Nakuahidi, Baba, safari hii sitapunguza hata neno moja.

Kwaheri. Pumzika. Denis akiwa ameshafika huko, mpokee, umwambie dada yake... Hapana, hilo siwezi kukutuma.

Kama bado hajafika, nakuomba usimwite.

Binti yako,
Benadeta