Sabufa ya Baba Eliza

Jumatatu, 4 Agosti

Nimerudi shuleni na madaftari ya darasa la tano. Nimesahihisha nusu. Mboga ikaungua. Upepo wa mlimani umeingiza vumbi mpaka kitandani.

Baba Eliza ameanza tena habari ya sabufa. Anasema televisheni yetu imeharibika, watangazaji wanamumunya maneno kama wanatafuna mahindi ya kuchoma. Mimi nawasikia vizuri tu. Tangu mume wangu aache udereva wa kombaini kule mashamba ya ngano, kila anachokikosa ni kosa la kifaa. Sina nguvu ya kubishana.

Jumatano, 6 Agosti

Ameshinda Katesh akizunguka madukani. Jioni nikaelezwa yote. Sabufa ya spika mbili, ya spika tatu, ya boksi la mbao, ya plastiki inayokoroma ukiongeza sauti. Akaniuliza nachagua ipi. Nikasema ya mbao, tena ndogo, sebule yetu yenyewe kichumba. Akauliza tena. Nikarudia. Alipouliza mara ya tatu nilinyamaza. Akasema nimenuna.

Kweli nilikuwa nimenuna. Kutwa nzima narudia maneno darasani. Na nyumbani pia?

Jumamosi, 9 Agosti

Tumeinunua. Kwa Safari, fundi mwenye duka la redio kando ya barabara ya Singida. Safari alimshauri achukue ile ndogo, kwamba kubwa ndani ya chumba kidogo inavuruga maneno. Baba Eliza hakumjibu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya ile kubwa, kiganja juu ya boksi, kama alivyokuwa akishika injini kujua kama inakwenda sawa. Akasema, "Hii." Mimi nilitoka nje. Besi yake ilikuwa inanitetemesha kifua.

Nyumbani akaibana kwenye pembe, kati ya ukuta na kabati la vyombo. Besi mpaka mwisho. Glasi zangu zikaanza kutembea kwenye rafu. Yeye anacheka. Muda mrefu sijamwona akicheka hivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya ibada nilitaka kulala kidogo. Haikuwezekana. Taarifa ya habari kama mtu anaongea akiwa ndani ya pipa. Niliivuta sabufa kutoka kwenye pembe, mvumo ukapungua. Nilipokwenda jikoni akairudisha. Nikaivuta. Akairudisha. Hatukusemeshana mpaka chakula cha jioni.

Naichukia.

Jumanne, 12 Agosti

Aibu.

Jirani yetu Mama Bura alikuja. Mkwe wake ametoka kujifungua, kachanga hakapati usingizi kwa ule mvumo. Nilikuwa nyuma ya mlango nafua. Nikamsikia akimwambia Baba Eliza kwa adabu zote, "Shikamoo mzee. Naomba mpunguze kidogo." Baba Eliza akaitika marahaba, akaingia jikoni, akatoka na chumvi kwenye bakuli. Akampa kwa mikono miwili.

Alisikia chumvi kidogo.

Mama Bura akanitazama mimi. Akapokea chumvi, akashukuru, akaondoka. Nikaizima sabufa mwenyewe. Baba Eliza akaniuliza naizima kwa nini, mbona mama wa watu ameshapata chumvi yake.

Nimekaa na hilo mpaka sasa. Siku zote nilidhani ananipuuza.

Alhamisi, 14 Agosti

Binti yetu Eliza amepiga simu kutoka Arusha. Baba yake akapokea, akasema, "Haya, ongea na mama yako," akanipa. Kama kawaida yake. Eliza akaniuliza kama baba bado ana hasira kwamba aliolewa mbali. Kila akipiga anakimbiwa. Alikuwa analia.

Nilipokata simu nilimsogelea Baba Eliza, nikapaza sauti. "Baba Eliza, wewe husikii."

"Nasikia," akasema. "Nyie ndio mnanong'ona siku hizi."

Akaenda zizini, akakaa huko mpaka nadhani ng'ombe wenyewe wakamchoka. Mimi pia nimechoka naye. Na namwonea huruma. Vyote kwa pamoja, na vyote vinachosha.

Jumamosi, 16 Agosti

Asubuhi nimeanza upya na ile sabufa. Sikumwomba ruhusa. Nimeitoa kwenye pembe, nikaiweka mahali pa wazi karibu na mlango. Besi nimeishusha chini kabisa. Kuna kitufe kingine, cha sauti nyembamba, tulikuwa hatujakigusa. Nikamkalisha kwenye kochi, nikaweka redio, nikamwambia aseme akianza kuyapata maneno.

Nikazungusha. Hakuna. Nikaongeza. Hakuna. Ikafika mahali kila "s" ya mtangazaji inanichoma kama sindano. Nikaongeza tena.

"Hapo," akasema. "Hapo anasema bei ya alizeti."

Alikuwa anatabasamu. Kisha akaniangalia usoni.

"Inakuumiza?"

"Ndiyo."

Akainuka, akaizima. Halafu akasema ni ile kombaini. Walikuwa wanaziba masikio kwa pamba siku wanayokumbuka, na jioni masikio yakipiga filimbi waliona ni uchovu tu. Akasema simu ya Eliza anaiogopa. Anasikia mtu yupo, hajui anasema nini, na anaona haya kumrudisha mtoto wake nyuma kila neno.

Nilitaka kumkasirikia kwa kunificha. Sikuweza.

Jumanne, 19 Agosti

Nimeomba ruhusa kazini, tumekwenda hospitali. Daktari ni dada wa umri wa Eliza. Alimwamkia, akamchungulia masikio. Hakuna uchafu. Mishipa ya ndani imekufa, hairudi. Kuna vifaa vya kuvaa sikioni, vitasaidia kiasi. Ametuandikia tukapime Arusha. Mimi akaniambia nisipige kelele. Nimkaribie, aone mdomo wangu.

Tulirudi kwa bajaji. Nilimshika mkono. Hatujazoea mambo hayo.

Jumapili, 24 Agosti

Safari alikuja mchana, akatuunganishia simu na sabufa kwa waya. Jioni tukampigia Eliza. Besi chini, sauti nyembamba juu. Mimi nilikwenda kukaa uani nisichomwe masikio, mlango wazi.

"Shikamoo baba," ikatoka kwenye spika. Akachelewa. Nikadhani imeshindikana.

"Marahaba, mama. Sema polepole. Masikio ya baba yako yameharibika."

Eliza akaanza upya, neno moja moja. Wakaongea mafua ya mtoto wake, shamba, bei ya mbolea. Mengine hakuyapata. Akauliza, akarudiwa. Eliza akasema tukienda kupima tufikie kwake, asisikie habari ya gesti.

Alipomaliza akaizima. Nikaingia ndani, nikaanza kuchambua maharage. Akaniuliza kama ni ya kesho. Niligeuka kwanza, nikamtazama, ndipo nikamjibu.