Skola Hakurudi kwa Tamaa

Skola, rafiki yangu,

Huu mwezi wa nne tangu tukuzike. Baridi imeingia, makoti yanauzika. Pale bondeni Msamala tulipokuwa tunatandaza mitumba hakuna tena mtu, na kile kijito sasa hata mtoto anakiruka. Mimi nimehamia juu, karibu na stendi. Wateja wako ni walewale: wanavaa koti, wananusa kwapa, wanarudisha.

Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo la hovyo.

Siku ile kwetu yalikuwa manyunyu tu, mvua yenyewe ilinyesha huko juu. Tuliposikia mngurumo tukadhani lori. Wewe ukatambua ni maji, ukanivuta mkono, tukapanda mpaka barabarani. Tulikuwa tumepona, Skola. Mimi ndiye niliyepiga kelele, "Belo letu! Makoti! Skola, wewe una mbio, rudi!" Ukacheka, "Haya, bosi wangu." Ukashuka. Maji yakaja yote kwa pamoja, mekundu ya udongo, sikukuona tena.

Watu walipouliza, nilisema ulirudi kuchukua belo. Sikudanganya. Ila niliishia hapo. Basi mji ukajaziliza wenyewe: tangu biashara iwe ruksa watu wamekuwa na roho ya fedha, Skola kafa kwa tamaa. Kwenye sala ya jumuiya mama mmoja akaomba Mungu atuepushe na tamaa kama ile iliyomchukua mwenzetu. Wakaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Na mimi nikaitikia. Tena kwa sauti. Nina uso gani mimi, jamani?

Jana nilikwenda Mshangano kwa mama yako. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa bado nimesimama. Hakulia. Alipukuchua mpaka gunzi likabaki tupu, ndipo akasema, "Adelina, mimi mwanangu namjua. Hao walioitikia ndio hawamjui." Akanisogezea kigoda. Tukapukuchua pamoja mpaka jua likapoa.

Alhamisi jumuiya inasali kwangu. Nitasema kabla hatujaanza rozari, maana nikingoja mwisho nitaogopa. Wakinisusa, wanisuse.

Pumzika, mwenzangu. Nakuahidi, wakitoka nyumbani kwangu watakuwa wanajua ni nani aliyekutuma.

Wako,
Adelina